Simu ile ile, setilaiti zile zile: kwa nini ramani humfikisha dereva na kumzungusha anayetembea

Mtu anaweza kutoka Moshi na gari lake, hajawahi kufika Dar es Salaam hata siku moja, akaandika jina la hoteli ya Kariakoo kwenye simu, akaipachika simu kwenye dashibodi, na sauti ikamwongoza zaidi ya kilomita 500 mpaka getini. Kesho yake mtu huyo huyo anavuka na boti kwenda Unguja, anashuka bandarini Malindi, anaandika jina la nyumba ya wageni iliyoko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, mwendo usiofika dakika 10 kwa miguu, na simu ile ile inamzungusha nusu saa. Kitone cha bluu kinaruka ukuta na kutua kichochoro cha pili. Mshale unageuka kabla yeye hajageuka. Anaambiwa akate kushoto, na kushoto ni mlango wa nyumba ya watu.

Wengi hulaumu mtandao, au huilaumu simu kwamba ni ya bei rahisi. Mara nyingi lawama hiyo haiko mahali pake. Setilaiti hazijui kama uko ndani ya gari au umevaa kandambili. Zinawapa wote wawili kitu kile kile. Tofauti inatokana na yale ambayo programu ya ramani inayaongeza juu ya kile kilichotoka angani, na dereva anaongezewa mengi kuliko mwenda kwa miguu. Akishuka garini na kuanza kutembea, nyongeza hizo zinaondoka moja baada ya nyingine, na hakuna anayemwambia kwamba zimeondoka.

Kinachotoka angani

Tuanze na setilaiti zenyewe, maana hapa ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa. GPS ni mfumo wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Leo una setilaiti takribani 30, zikizunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Warusi wana mfumo wao, GLONASS. Ulaya wana Galileo. Wachina wana BeiDou. Simu nyingi za sasa husikiliza mifumo yote minne kwa pamoja.

Neno "husikiliza" ndilo la kushika. Simu yako haitumi chochote kwenda kwa setilaiti. Kila setilaiti inatangaza mfululizo, kwa mawimbi ya redio, mambo mawili: sasa ni saa ngapi, na yenyewe iko wapi. Simu inapokea tangazo hilo na kupima limechelewa kiasi gani njiani. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kule juu mpaka mkononi mwako yanatumia kama sehemu 7 za mia za sekunde. Ukijua ucheleweshaji, unajua umbali. Ukijua umbali kutoka setilaiti kadhaa, unajua ulipo. Shida ni kwamba kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Setilaiti zimebeba saa za atomiki, ila saa ya simu yako ni ya kawaida tu. Ndiyo maana setilaiti tatu hazitoshi na inahitajika ya nne: hiyo ya nne inamwezesha mpokeaji kuisahihisha saa yake mwenyewe.

Kwa hiyo kujua ulipo hakuli bando. Bando linaliwa na picha ya ramani, na utafutaji wa majina, na taarifa za foleni. Mtandao una kazi nyingine ndogo lakini muhimu: unaipa simu ratiba ya setilaiti haraka, ili isisubiri kuipokea kidogo kidogo kutoka angani. Ukiwasha simu mahali pasipo na mtandao, inaweza kukaa nusu dakika, wakati mwingine dakika kadhaa, kabla haijajua ilipo. Haijaharibika. Inasubiri.

Mpaka mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likichafua makusudi mawimbi ya watumiaji wa kiraia, na kosa lilifika kama mita 100. Mwezi Mei mwaka huo Rais Bill Clinton aliamuru uchafuzi huo uzimwe. Leo serikali ya Marekani inasema simu ya kawaida, chini ya anga iliyo wazi, hupata mahali kwa kosa la mita 4.9 hivi. Zingatia sharti hilo: chini ya anga iliyo wazi.

Kisha kuna ile duara hafifu ya bluu inayokizunguka kitone. Watu huiona kama mpaka: nimo humu ndani, kwa vyovyote. Sivyo. Kwenye simu za Android, duara hiyo maana yake ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 kuwa umo ndani yake. Karibu mara moja katika kila mara tatu, uko nje.

Hicho ndicho kinachotoka angani: nukta moja yenye ukungu, inayosahihishwa takribani kila sekunde. Humo hamna barabara wala kichochoro, na hamna habari ya upande unaotazama ukiwa umesimama.

Dereva anabebwa

Sasa mpe nukta hiyo mtu aliye kwenye gari. Programu inajua jambo moja kubwa juu yake: gari hutembea barabarani. Basi nukta ikianguka mita 8 pembeni, katikati ya shamba la mkonge, programu inaivuta na kuiweka juu ya lami iliyo karibu. Kosa bado lipo, ila dereva halioni. Mshale wake unateleza barabarani bila kuyumba, naye anaamini kwamba simu yake inajua alipo kwa usahihi wa sentimita.

Mwelekeo nao unapatikana bure. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili tu zikipita, limesogea mbali kuliko kosa lenyewe la setilaiti, kwa hiyo hakuna ubishi linaelekea wapi. Zaidi ya hapo, simu inapima jinsi mawimbi yanavyobanwa au kuvutwa na mwendo wako, na kutokana na hilo inajua kasi yako na upande unaokwenda vizuri kuliko inavyojua mahali ulipo.

Halafu barabara yenyewe inasaidia. Ni pana, anga liko wazi juu yake, ina jina au namba, na njia panda zake ziko mbalimbali. Simu imekaa nyuma ya kioo cha mbele, imechomekwa chaji, haijafunikwa na kiganja wala mfuko wa suruali. (Vioo vyenye tinti iliyochanganywa na madini hupunguza mawimbi, mwenye gari la namna hiyo ameshaliona.) Kosa la mita 10 kwa dereva wa kilomita 60 kwa saa ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Sauti imeshamwambia akate kushoto tangu mita 300 nyuma. Na akipitiliza, programu inapanga njia upya, anageuza mbele, amepoteza dakika tatu.

Mwenda kwa miguu anapoteza nini

Mtu mzima akitembea kwa mwendo wa kawaida anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.4 kwa sekunde. Kosa la mita 10, ambalo kwa dereva lilikuwa kufumba na kufumbua, kwake ni sekunde 7 za kutembea. Katika mji wenye njia panda kila baada ya mita 15, sekunde hizo 7 zinatosha kukupitisha kona uliyotakiwa kukata na kukufikisha kwenye nyingine inayofanana nayo.

Lakini anachopoteza kwanza, na kinachomuumiza zaidi, ni mwelekeo. Anasogea polepole mno, na ukungu wa nukta ni mkubwa kuliko hatua zake, kwa hiyo simu haiwezi kuusoma upande anaokwenda kutokana na mwendo wake. Akisimama kabisa ili aangalie ramani, jambo ambalo kila aliyepotea hulifanya, nukta inaanza kutangatanga yenyewe. Hapo simu inakimbilia dira yake, kihisi kidogo cha sumaku kilichomo ndani. Kihisi hicho kinapima sumaku ya dunia, ambayo ni dhaifu, na chochote chenye chuma kilicho karibu kinaishinda: nondo za jengo, mapaa na uzio wa mabati, lori lililoegeshwa, kava la simu lenye kishikizo cha sumaku. Ndiyo sababu programu hukuomba uizungushe simu hewani kwa umbo la namba 8. Ukiifanya hatua hiyo huku umeegemea gari, unaifundisha simu makosa.

Watu wakisema "ramani imenipoteza", ukiwauliza vizuri, mara nyingi mahali palikuwa sahihi kiasi. Mshale ndio uliotazama nyuma. Kisha programu ikasema "elekea kusini magharibi", maelekezo ambayo mgeni hawezi kuyatekeleza bila dira, na dira yake ndiyo iliyochanganyikiwa. Dereva haambiwi hivyo isipokuwa anapoondoka kwenye maegesho, na huko pia ndiko anakokosea.

Sasa turudi Kiponda. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, nyumba za ghorofa mbili na tatu zikitazamana juu ya vichochoro ambavyo baadhi unaweza kugusa kuta zote mbili kwa kunyoosha mikono. Ukiangalia juu unaona utepe wa anga. Setilaiti zinazoonekana moja kwa moja ni zile tu zilizo ndani ya utepe huo. Nyingine zote zimezibwa, au mawimbi yake yanakufikia baada ya kugonga ukuta wa ng'ambo. Wimbi lililogonga ukuta limesafiri njia ndefu zaidi, nayo simu inalihesabu kama setilaiti iliyo mbali zaidi. Ni kama kusikia adhana katikati ya vichochoro hivyo hivyo: sauti inakujia kutoka kwenye ukuta ulio mbele yako, na msikiti uko nyuma.

Kosa hilo halisambai sawa pande zote. Kwa kuwa setilaiti unazoziona ziko kwa kufuata urefu wa kichochoro, simu inajua vizuri umefika wapi kwa urefu wake, ila inajua vibaya uko upande gani kwa upana. Ndiyo maana kitone hakirudi nyuma wala hakikimbilii mbele sana. Kinaruka ukuta na kutua kichochoro jirani kinachokwenda sambamba na chako. Kila aliyetembea Mji Mkongwe au Lamu akiwa na simu mkononi amekiona kitendo hicho. Hukiona pia walio kati ya maghorofa ya katikati ya Nairobi, ambako kitone hupenda kuhamia upande wa pili wa barabara.

Na ile huruma aliyofanyiwa dereva, ya kuvutwa mpaka barabarani, kwa mwenda kwa miguu haifanyi kazi vizuri. Yeye anaruhusiwa kukata uwanja, kupita sokoni, kuingia dukani kwa mlango mmoja na kutokea mwingine. Programu ikimwacha huru, anaona ukungu wote wa setilaiti ulivyo. Ikimvuta kwenye njia, katika mji wa vichochoro inaweza kumvuta kwenye njia isiyo yake, tena kwa uhakika kabisa.

Kuna jambo moja la ukanda wetu ambalo halitajwi sana. Mawimbi ya setilaiti yanapita kwenye tabaka la juu la hewa lenye chaji ya umeme, na tabaka hilo husumbua zaidi katika maeneo ya karibu na ikweta, hasa saa chache baada ya jua kuzama. Simu zinazopokea masafa mawili ya GPS badala ya moja, ambazo zilianza kuingia sokoni mwaka 2018, zinaweza kuusahihisha usumbufu huo kwa sehemu kubwa, na pia hutambua vizuri zaidi wimbi lililogonga ukuta. Anayenunua simu kwa ajili ya kazi ya kutembea mitaani, mgawa vifurushi kwa mfano, au mtafiti wa kaya, aulize kuhusu hilo kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.

Si suala la mitambo tu. Mwaka 2008 mtafiti Toru Ishikawa na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Japani, wakilinganisha watu waliotembea mjini wakiongozwa na GPS ya mkononi, waliotumia ramani ya karatasi, na waliokuwa wameonyeshwa njia kwanza kwa kutembezwa. Waliotumia GPS walitembea umbali mrefu zaidi na kusimama mara nyingi zaidi kuliko makundi mengine mawili. Binafsi sishangai. Anayetembea akitazama kitone hatazami mji, na mji ndio wenye majibu ambayo kitone hakina.

Njia zilichorwa kwa ajili ya nani

Hata nukta ingekuwa safi kabisa, ingehitaji ramani ya kuiweka. Hapa pia gari lilitangulia. Google Maps ilipoanza mwaka 2005 ilikuwa na maelekezo ya magari. Maelekezo ya kutembea yalikuja mwaka 2008, tena yakiwa na onyo kwamba huenda njia iliyopendekezwa haina sehemu ya waenda kwa miguu. Barabara ya lami inaonekana kwenye picha ya setilaiti, iko kwenye kumbukumbu za serikali, na maelfu ya simu zinapita juu yake kila siku zikiithibitisha. Kichochoro kilichofunikwa na mabati ya nyumba mbili hakionekani kutoka angani, na hakimo kwenye kumbukumbu yoyote.

Kwa hiyo njia za miguu za miji yetu zimechorwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliozitembea. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni mpaka mwaka 2009, vijana wa humo walipopewa vifaa vya GPS na kuanza kuichora njia kwa njia katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2011 kazi kama hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walipita kata kwa kata wakiandika mifereji, vivuko na vichochoro, kusudi kubwa likiwa kujua mafuriko yanapita wapi. Faida ya pili ikawa kwamba mwenda kwa miguu alipata ramani yake. Zanzibar nayo ilipigwa picha kwa droni kuanzia mwaka 2016, kazi iliyowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ninaiheshimu sana kazi hiyo, na ningependa isemwe mara nyingi zaidi kwamba ilifanywa kwa miguu, juani na matopeni.

Hili lina maana ya moja kwa moja kwako. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinatumia data ya OpenStreetMap, na katika mitaa mingi ya Dar es Salaam zinaonyesha njia za miguu ambazo programu nyingine hazina. Pia zinakupangia njia ya kutembea bila intaneti kabisa. Google Maps, kwa miaka mingi, ukipakua eneo la kutumia nje ya mtandao imekuwa ikikupa maelekezo ya gari tu. Ya kutembea yalihitaji bando. Si vigumu kuwa na programu mbili, moja ya gari na moja ya miguu.

Tanzania Bara na Zanzibar, Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliweka vibao vya mitaa na namba za nyumba sehemu nyingi ambazo hazikuwahi kuwa navyo. Kwa dereva kibao ni msaada mdogo, maana simu imeshamwambia. Kwa anayetembea kibao ni mkombozi: kinathibitisha au kukanusha kile ambacho kitone kinadai.

Yapo ambayo ramani yoyote haiyajui. Geti la kupita uani linafungwa saa 12 jioni. Njia ya bondeni haipitiki masika. Daraja la waenda kwa miguu lipo lakini halikuchorwa, kwa hiyo programu inakuvusha barabara ya njia sita kana kwamba hakuna magari. Muda wa kufika umehesabiwa kwa mwendo wa mtu asiye na mzigo, na hauhesabu jua la saa saba mchana wala mtoto mgongoni.

Dereva naye asijiamini mno

Kule Nairobi kuna mfano mzuri wa mahali ambapo dereva hupoteza ule msaada wake mkubwa. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022, na sehemu yake inapita juu ya nguzo, ikiwa juu kabisa ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Ukiitazama kutoka angani, barabara mbili ziko mahali pamoja. Setilaiti hupima kimo vibaya kuliko zinavyopima mahali, kwa hiyo programu ikitakiwa kukuvuta barabarani haijui ikuvute juu au chini. Aliye chini anaweza kuambiwa atoke kwenye njia ya kulipia ambayo hayumo. Aliye juu anaweza kuambiwa akate kona ambayo iko chini ya magurudumu yake. Hapo fuata vibao.

Jambo jingine ni njia ya mkato. Programu huchagua kwa muda, na muda inaukisia kutokana na simu zilizopita. Barabara ya vumbi iliyokuwa nzuri kiangazi inaweza kuwa dimbwi leo. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam na maji ya Msimbazi yakafunika Morogoro Road pale Jangwani, ramani inajua kwamba pamefungwa baada ya magari ya kutosha kukwama au mtu kutoa taarifa. Wa mwanzo kukwama ndio wanaoiarifu.

Na kutazama: kwa kilomita 60 kwa saa, ukiiangalia simu kwa sekunde 3 umepita mita 50 bila kuona. Kushika simu huku unaendesha ni kosa kisheria Kenya na Tanzania, na sheria hiyo ni ya haki kabisa. Weka njia kabla hujaondoka, ongeza sauti, sikiliza. Kwa dereva simu ni ya masikio.

Bodaboda wako katikati ya pande hizi mbili. Wanapita pasipopita gari, kwa kasi ya gari, na mikono yote miwili ina kazi. Google ilileta maelekezo maalumu ya pikipiki India mwaka 2017 na baadaye nchi nyingine, ila mwendeshaji anayejua mtaa wake bado anajua njia kumi ambazo hazimo. Kwake pia sikio moja lenye spika ndogo lina maana kuliko kioo kilichofungwa kwenye usukani.

Pale wawili wanapokutana

Ugomvi wa kila siku kati ya abiria na dereva wa gari la kuitwa kwa simu unatoka hapa hapa. Abiria amesimama kwa miguu, na nukta yake ina ukungu wa mwenda kwa miguu. Inatumwa kwa dereva, ambaye programu yake inaivuta kwenye barabara ya gari iliyo karibu. Kama abiria yuko ndani ya jengo kati ya mitaa miwili, barabara iliyo karibu inaweza kuwa ya nyuma, ng'ambo ya ukuta. Kama yuko kando ya barabara yenye ukingo katikati, nukta ikiruka mita 15 inakuwa upande wa pili. Abiria anaona gari liko mita 20 na anashangaa kwa nini haliji. Dereva lazima aende mpaka mahali pa kugeuza, arudi.

Dawa yake ni fupi. Usiache simu ichague. Sogeza alama wewe mwenyewe kwa kidole mpaka mahali ambapo gari linaweza kusimama, upande wa kushoto wa mwelekeo unaokwenda, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Kisha uwepo hapo. Na ukimtumia mgeni mahali pa nyumba yako, simama nje getini, subiri duara ya bluu ipungue, ndipo utume. Ukituma ukiwa chumbani chini ya zege unatuma nyumba ya jirani.

Namna ya kutembea nayo

Ninachopendekeza kwa anayetembea ni kuitumia simu kidogo na kwa nyakati maalumu. Kabla hujatoka, ukiwa umekaa, tazama njia nzima na uikariri kwa alama, si kwa mita: soko, kisha msikiti, kisha kona yenye benki. Geuza ramani iwe kaskazini juu wakati wa kukariri, ili umbo la mji likae kichwani; ramani inayozunguka na wewe ni nzuri kwa gari, ila haifundishi mji. Na jua mipaka. Mji Mkongwe una bahari magharibi na kaskazini, na mashariki umekatwa na Barabara ya Mkapa yenye soko la Darajani. Anayejua hilo tu hawezi kupotea zaidi ya robo saa, maana akishika upande mmoja na kuushikilia atatokea ama baharini ama barabarani.

Njiani, usiusome mshale ukiwa umesimama. Tembea hatua 20 au 30 kwa mstari ulionyooka, ukitazama mbele, kisha tazama kitone kimesogea kuelekea wapi. Mwendo wa kitone unaaminika kuliko mshale. Ukitaka kujua mahali hasa, nenda kwenye uwanja au njia panda iliyo wazi, subiri sekunde kadhaa duara ipungue, soma hapo, ndipo uingie kichochoroni. Kitone kikiruka ghafla mita 20 pembeni na wewe umekuwa ukinyoosha, kipuuze, subiri kitulie.

Kariakoo au katikati ya Nairobi, usitembee na simu mkononi imenyooshwa mbele. Ingia mlango wa duka, tazama, rudisha mfukoni. Kifaa kimoja cha sikioni kinatosha kwa sauti, na sikio la pili liache wazi lisikie pikipiki.

Chaji ni suala la mwenda kwa miguu zaidi kuliko dereva. Kinachoimaliza sana ni mwanga wa kioo kuliko setilaiti, hasa juani unapolazimika kuuongeza mpaka mwisho. Ukiwa umepakua ramani, zima data, acha huduma ya mahali (Location) ikiwa imewashwa, na simu itadumu mchana mzima.

Ukikwama kabisa, uliza, ila uliza kwa namna inayojibika. Jina la nyumba yako ya wageni huenda hata jirani yake halijui. Taja mahali pa watu wote palipo karibu nayo: Darajani, Mkunazini kanisani, Jaws Corner. "Shikamoo mzee, samahani, naulizia njia ya kwenda Mkunazini." Utaambiwa nyoosha mpaka baraza ile kubwa, kisha ukate mkono wa kulia. Nenda mpaka hiyo baraza tu, uulize tena kwa mwingine. Ukifika Mkunazini, toa simu: zimebaki mita 60, ambazo hata kitone chenye ukungu kinaweza kukumalizia, nawe ukisoma vibao vya milangoni.